Begi la Mifuko Mitatu

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama ameniagiza nikuambie kwamba goti la kulia limepona na la kushoto limeanza. Anasema yamepangiana zamu kama wafanyakazi wa kiwandani. Kaka yetu Mwenyekiti ni mzima, na bado hawezi kuomba chumvi mezani bila kutangaza kwanza ajenda. Mimi nina sare za shule mbili za kumaliza mwezi huu, na msichana aliyekuwa akinisaidia kutia vifungo ameolewa, kwa hiyo vidole vyangu vimekuwa chujio kwa kuchomwa sindano.

Utajiuliza kwa nini nahangaika na karatasi wakati simu ipo. Simu yako tunaiweka katikati ya meza, ukoo mzima unasikiliza, na mtoto anasukumwa mbele: "Haya, msalimie baba." Anasema, "Shikamoo baba, mimi mzima, nasoma vizuri," kama anayesoma ubaoni, kisha anarudi nyuma. Hayo si mazungumzo. Barua utaisoma peke yako, na ukitaka kununa utanuna bila shahidi.

Ni mwaka na nusu sasa tangu wewe na mama yake mwachane, ukaenda huko kutengeneza lifti zako. Kikao unakikumbuka, ulikuwepo kwa simu. Mama yake anafanya kazi kwenye tanuri la mikate na ana chumba kimoja, Mwenyekiti akasema nyumba isiyo na baba haiwezi kumbeba mtoto peke yake, na kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ikapangwa zamu: wiki kwangu, wiki kwa Mwenyekiti anakokaa mama, wiki kwa mama yake, halafu anarudi kwangu. Jumamosi mchana anahama. Wote tukasema haki imetendeka. Mimi ndiye niliyemshonea lile begi, turubai gumu, mifuko mitatu yenye zipu: wa bluu vitu vya kwangu, wa kijani vya kwa Mwenyekiti, wa njano vya kwa mama yake. Watu wamenisimamisha njiani kuniuliza nimelishona vipi, na sikatai, nilivimba kichwa.

Basi jambo lenyewe ni dogo. Nimemtengea droo nzima kabatini mwangu, nimeipaka hadi rangi. Haweki kitu humo. Nguo anazitoa begini asubuhi, jioni anazikunja na kuzirudisha. Nikimwambia, "Panga vitu vyako, hapa kwenu," ananiitikia "Ndiyo shangazi," na begi linabaki miguuni pa kitanda, zipu imefungwa. Na mwalimu wake kaniambia darasani haongei. Nikamwambia mwalimu amekosea mtoto, huyu wetu jina lake la nyumbani ni Chiriku, tulimpa kwa sababu alikuwa akiongea hata akiwa anatafuna. Mwalimu akasema, "Sijawahi kumsikia."

Huenda ni umri tu. Wewe unaonaje?

Dada yako, mwenye vidole vya chujio


29 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako ikiwa imekunjamana kama imelaliwa. Mpe mama pole ya goti la kushoto, mwambie likipona asitafute lingine. Huku mimi mzima. Wiki iliyopita bosi mmoja alikwama na dereva wake kati ya ghorofa ya nne na ya tano, dakika hamsini. Nilipofungua mlango nilikuta wamekaa chini wote wawili, viatu wamevua, na bosi amemsamehe dereva kosa ambalo mimi sikulijua. Nimewaambia wenzangu tuwe tunawakwamisha watu makusudi, tutaleta amani.

Kuhusu Chiriku, dada, usinichukie, lakini naona unatafuta chawa kwenye kipara. Sisi tulikulia nyumba moja yenye paa linalovuja. Yeye ana nyumba tatu, zote kavu, na kila moja kuna mtu anayempenda. Ni watoto wangapi wana bahati hiyo? Kukaa kimya nako si ugonjwa. Anakua, anaanza kuwa na siri zake.

Begi lako nalikumbuka kwenye picha. Kama hataki kulifungua labda ni kwa vile ni zuri.

Jambo moja tu naomba. Umri wake huu meno yanabadilika. Msimamieni anapopiga mswaki. Watoto wanalowesha mswaki kwa maji, wanapaka dawa kidogo mdomoni ili wanukie, ukiuangalia umelowa unadhani kazi imefanyika. Lazima usimame naye hapo hapo sinkini mpaka amalize magego ya nyuma.

Wasalimie wote. Na mama yake pia, mkionana.

Mdogo wako


21 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo, Mwenyekiti hajambo, sare nimemaliza za shule moja. Salamu zimekwisha, naomba sasa ukae chini.

Barua yako ilifika siku tuliyotoka hospitalini. Chiriku alilazwa siku tano. Sasa hivi anapumua vizuri, amelala hapa nyuma ya cherehani yangu, shavu limerudi lilipokuwa, kwa hiyo usitupe vitu. Sikukupigia simu kwa sababu Mwenyekiti alisema tusikutie hofu ukiwa juu ya kamba za chuma, na mimi kwa mara moja nilimtii. Kama nimekosea nisamehe.

Ni gego. Katikati ya Machi, wiki yangu, aliniambia jino linauma. Nikampa kidonge cha maumivu, likatulia. Ilikuwa Ijumaa. Nikajisemea, kesho anahamia kwa Mwenyekiti, na kliniki ya meno iko hatua chache kutoka kwao, watampeleka. Kule likamuuma tena. Mke wa Mwenyekiti akampa kidonge, akajisemea wiki ijayo yuko kwa mama yake, jambo la mwili wa mtoto ni la mama. Kwa mama yake likauma. Mama yake akampa kidonge, akajisemea kila kitu cha mtoto hupitia kwa shangazi, na Jumamosi anarudi kwa shangazi. Jumamosi akarudi. Nilimwona mlangoni amejifunga kanga yangu kichwani hadi kidevuni, siku ya jua kali. Nilipoifungua, jicho la kushoto halikuonekana kwa uvimbe, na mwili unaunguza.

Daktari alisema usaha ulikuwa umeshuka kuelekea shingoni, na kwamba kama tungechelewa siku mbili, yeye angekuwa anaongea nasi kwa sauti ya kutoa pole. Wakaling'oa, wakaweka mpira wa kutoa usaha, sindano kila baada ya saa nane. Hakulia. Heri angelia.

Muuguzi alitaka kujua amekunywa dawa gani. Nikamimina begi kitandani. Mfuko wa bluu, pakiti ya vidonge nusu. Mfuko wa kijani, pakiti. Mfuko wa njano, pakiti. Muuguzi akazipanga mstari mmoja mbele yangu. Nilishona ile mifuko ili vitu visichanganyike, na kweli havikuchanganyika. Nyumba tatu zenye upendo, na hakuna iliyojua jino limeuma zaidi ya wiki mbili. Kila moja ilijua limeuma siku moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo tumeisema tangu tuko darasa la pili, na kwenye kikao hakuna aliyeikumbuka.

Kisha muuguzi akachukua fomu. "Mwanangu, unakaa wapi?"

Mtoto akauliza, "Leo tarehe ngapi?"

Muuguzi alidhani ni homa inaongea. Mimi nilimwona anahesabu wiki kwa vidole juu ya shuka. Akamuuliza na mengine, ya kitoto tu, fomu ikajazwa jina langu.

Mdogo wangu, zamu hizi zife. Nilisimama mlangoni mwa wodi nikaapa. Nataka akae kwangu, moja kwa moja, kitanda kimoja, droo moja. Mimi sina mtoto wa kumwonea wivu wala mume wa kuniuliza. Kazi yangu iko humu humu sebuleni, akikohoa nasikia. Mwenyekiti hatakubali nikisema mimi, lakini baba mtu akisema hana la kupinga. Mwandikie barua, uipitishe kwangu nimkabidhi.

Na nikuulize: hayo ya mswaki kuloweshwa umeyajulia wapi? Chiriku ulimwacha ana miaka saba na nusu, na kwa mswaki wewe mwenyewe ulikuwa wa kukumbushwa.

Dada yako


16 Mei

Dada,

Shikamoo. Wasalimie wote.

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye chumba cha mota, juu kabisa ya jengo, na nikashindwa kushuka. Mwenzangu wa kazi alikuja kuniita mara mbili. Niliandika kwamba unatafuta chawa, si ndiyo? Niliandika ana bahati. Barua hiyo ichome.

Unalotaka nimelifanya. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Mwenyekiti, nimeandika kwamba mimi baba nimeamua mtoto akae kwako na zamu zikome, na nimetia sahihi. Nakushukuru, dada. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nimekuwa nikiitikisa kwa simu mara moja kwa mwezi nikadhani nalea.

La mswaki nilisikia kwa mtu kazini.

Nitumie picha yake akicheka, pengo lionekane.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mama anasema hajasikia goti lolote wiki hii na ana wasiwasi. Chiriku amerudi shuleni, analala kwangu tangu atoke hospitali, na kilo mbili zimerudi. Picha naambatisha. Hacheki, nilimbembeleza mpaka mpiga picha akachoka, lakini pengo utaliona ukitazama karibu.

Barua yako ya Mwenyekiti nimeikalisha chini ya mguu wa cherehani siku nne. Sijaipeleka. Nitakuambia kwa nini, halafu utanifikiria utakavyo.

Ya pale hospitalini, nilikuandikia kwamba muuguzi alimuuliza mengine ya kitoto. Hayakuwa ya kitoto. Alimuuliza, "Na ukipona, ungependa twende tukuache wapi?" Nilikuwa hapo mlangoni, nina uji mkononi. Akajibu bila kuhesabu vidole: "Kwa mama. Pale nina msumari wangu."

Nililisikia neno kwa neno. Nikaingia, nikampa uji, nikaandika jina langu kwenye fomu. Na kwako nikaandika "ya kitoto tu". Nilijiambia ana homa, hajui asemalo, msumari ndio nini. Ukweli ni kwamba nilimtaka. Nina miaka arobaini na sita, nashona sare za watoto wa watu mia tatu kila mwaka, najua viuno vyao vyote, na jioni nafunga mlango nabaki na vipande vya kitambaa. Huyu alipoletwa na zamu zake nilihesabu siku mpaka wiki yangu ifike. Basi Mungu akinipa sababu ya kumchukua mzima mzima, ningeikataa vipi?

Mama yake alikuwa akija hapa kwangu kila siku akitoka kazini, unga bado kwenye nyusi, mkate wa moto kwenye karatasi. Nilimpa kiti cha wateja, kile cha karibu na mlango. Alikaa hapo, akamsuka mtoto, akaondoka. Hata mara moja hakusema namwonea. Ningependelea aseme.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mtoto kwake ashinde. Mwaka na nusu nzima sikuwahi kuvuka kizingiti kile. Nilikuwa nampokea na kumkabidhi nje kama kifurushi. Siku hiyo mvua ikanilazimisha kuingia. Ni chumba kimoja kweli, kitanda, jiko kwenye kona, dirisha moja. Ukutani pembeni ya mlango, usawa wa bega la mtoto wa miaka tisa, kuna msumari. Chiriku aliingia, akavua sweta, akalitundika bila kuangalia, kama mtu anavyozima taa ya kwake. Kisha akafungua begi. Zipu zote tatu. Akatoa kila kitu: nguo akaweka kwenye kreti la mikate lililosafishwa, daftari chini ya dirisha, mswaki kwenye kikombe ambamo kulikuwa na mwingine. Akalikunja begi na kulisukuma uvunguni. Halafu akaanza kumweleza mama yake juu ya msichana wa darasani aliyemeza kifungo, akaeleza mpaka mama yake akamwambia apumue.

Mimi nimesimama pale nalowesha sakafu ya watu. Nikamuuliza mama yake, "Huwa analifungua hivi?"

"Akifika tu, wifi," akaniambia. "Jumamosi ya kuondoka ndiyo kazi. Huwa namkunjia mimi, yeye hukaa amenipa mgongo."

Droo yangu niliipaka rangi, mdogo wangu. Hakuihitaji.

Haya, lipo na tatizo, nisikufiche. Wiki moja kati ya mbili huyu wifi anaingia tanurini saa kumi alfajiri. Jirani wa ukuta mmoja humsikilizia mtoto mpaka kukuche. Hiyo ndiyo iliyompa Mwenyekiti neno kwenye kikao, na hapo hakukosea. Silijui jibu lake bado.

Ila barua yako siwezi kuipeleka mpaka ujue nilikuibia sahihi. Nimesema yangu. Sasa wewe nawe sema yako. Hakuna mtu kazini anayezungumza magego ya nyuma na fundi wa lifti. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wewe umekuwa kimya mwaka mzima huku unaongea.

Dada yako


2 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeona umemwita wifi. Nilisoma sentensi ile mara tatu.

Hukuniibia. Nilitia sahihi upesi kwa sababu ilinipa nafuu: jambo limepata mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Kwa hiyo tusigombanie nani mwizi.

Haya yangu. Ninaishi na mtu. Tangu Agosti ya mwaka jana. Anauza tiketi kwenye kituo cha mabasi, ni mtu mwema, utampenda mkianza kugombana. Ana mwana wa miaka sita. Asubuhi yeye huwahi kazini, kwa hiyo mimi ndiye ninayemwamsha mtoto, ninayemfunga viatu, ninayesimama naye sinkini. Kila asubuhi, dada. Najua gego lake lipi limeanza kutikisika. Anapolowesha mswaki kwa hila namwambia fungua mdomo ninuse, tunacheka wote wawili.

Siku unayosema Chiriku amefika na kanga kichwani, nimeirudisha hesabu. Ilikuwa Jumamosi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimempeleka huyu mdogo kukaguliwa meno. Hayakuwa na kitu. Daktari akanisifu. Akaniambia, "Baba mtu umefanya kazi." Nami nikasema asante.

Hicho ndicho nilichoshindwa kukiandika. Si huyu mama ninayeishi naye, wala si ndoa. Watu wazima huachana na kuoana. Ni kwamba mimi mwenyewe ninajua mtoto anahitaji mtu mmoja wa kusimama naye sinkini kila siku, ninajua kwa mikono yangu, na wa kwangu nilimwachia kikao.

Ulisema hulijui jibu la alfajiri. Mimi fundi wa mashine, nafikiria kimashine tu. Tulipanga zamu, na aliyezunguka ni yule mwenye mguu mfupi kuliko wote. Sisi wakubwa tulisimama kila mtu kwake, yeye akapandishwa na kushushwa. Kwa nini asisimame yeye, wakazunguka watu wazima?

Nimeandika upya kwa Mwenyekiti, barua iko humu, ya kwanza ichane. Na kuna ya Chiriku, yake peke yake, bahasha haijafungwa. Nimemweleza habari ya huyu mtoto. Sijajipamba. Isome kwanza, ukiona itamuumiza kupita kiasi, niambie nifanyeje. Desemba nimepewa likizo ya wiki tatu. Nakuja; safari hii sitasema "nitaona".

Mdogo wako


10 Agosti

Mdogo wangu,

Pokea salamu, nyingi na za haraka, kwa sababu naandikia magotini na mwanga ni wa dirisha moja.

Kikao kilikaa wiki nne zilizopita. Mwenyekiti alisoma barua yako kwa sauti, akaikunja, akavua miwani, na kusema kwamba pamoja na yote, nyumba isiyo na mwanaume haina nguzo. Nikamuuliza nyumba yangu ilipopewa wiki zake ilikuwa na mwanaume gani, cherehani? Na yake yenye nguzo, jino lilipitaje? Mke wake akaangalia dari. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema polepole, "Kliniki iko hapo, ukisimama dirishani kwangu unaona bango lake." Akasema tu hivyo, na macho yakamlowa. Ukubwa jalala, mdogo wangu. Sikuendelea.

Wifi alikuwepo, ndani, kwenye kiti cha kawaida. Mama ndiye aliyefunga kikao, bila kupewa nafasi ya kuongea. Alisema, "Mtoto akae kwa mama yake. Anayempenda amfuate." Tukaandika hivyo.

Basi hivi ndivyo tunavyoishi. Wiki ambayo wifi anaingia mchana, wako wenyewe. Wiki ya alfajiri, mimi nahamia pale Jumapili jioni na kurudi kwangu Ijumaa. Namwamsha, nampa chai, nasimama naye sinkini mpaka magego ya nyuma, namfikisha shule, naenda kwenye cherehani yangu, jioni narudi. Mwenyekiti kajipa Jumamosi, anakuja kumkagua hesabu. Tunamwita mjumbe mwalikwa. Mama huletwa naye, na analalamikia ngazi.

Nguo zangu nabebea lile begi, maana turubai lake ni zuri na sikuona sababu ya kununua jingine. Wiki ya kwanza nilisahau miwani kwa wifi, nikashona siku mbili kwa kubahatisha. Wiki ya pili nilisahau dawa yangu ya presha kule, nikaifuata kwa miguu. Asubuhi moja niliamka sikujua mlango uko upande gani. Nina miaka arobaini na sita, na nilikaa kitandani nikalia kidogo, si kwa ajili yangu.

Barua yake nilimpa bila kumhariria. Aliisoma amekaa kwenye kreti. Alipomaliza akaniuliza, "Shangazi, huyo mtoto ana begi?"

Nikamwambia hana, anakaa na mama yake, na baba anakaa nao.

Akafikiri. "Vizuri," akasema. Kisha akageuka, akanipa mgongo, na hakuniongelesha mpaka kesho yake. Siwezi kukuambia haikumuuma. Imemuuma. Lakini kesho yake alikuwa na maswali kumi na mawili, ameyaandika nyuma ya karatasi hii kwa mwandiko wake, na la saba ni kama huyo mdogo anaruhusiwa kukuita baba au mnatumia jina jingine. Yajibu yote, usiruke hata moja. Desemba atakuuliza tena kwa mdomo.

Na mdomo upo. Mwalimu kaniita wiki iliyopita, nikaenda, kumbe ananilalamikia kwamba anaongea mpaka wenzake hawaandiki. Nilimwomba radhi, na nilipotoka nje nikacheka peke yangu getini mpaka mlinzi akaniuliza kama nimeshinda kesi.

Mdogo wangu, nakuambia wewe tu: bado napita kwenye ile droo usiku nikiwa kwangu, na bado iko tupu, na inaniuma. Sikufa. Naipita.

Jumapili hii nilifika pale, nikaweka begi miguuni pa kitanda kama ninavyofanya kila mara, nikakaa. Chiriku akalitazama. Akaniambia, "Shangazi, toa vitu vyako." Nikamwambia niko siku tano tu, ya nini kusumbuka. Akanishika mkono, akanipeleka mlangoni. Pembeni ya msumari wake, juu kidogo, usawa wa bega langu, kuna mwingine mpya. Wifi alikuwa ameupigilia mchana, na Chiriku ndiye aliyepima, kwa futi yangu ya kushonea niliyokuwa nimeisahau pale.

Nimetundika gauni. Nakuandikia nikiwa nalitazama.

Dada yako


Mwingine anasalimu hapa chini: Shikamoo baba. Mimi nakaa kwa mama.